Majarida ya Picha, Maisha ya Mjini na Kujua Kusoma katika China ya Nasaba ya Qing: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yanahusu zaidi jarida moja, Dianshizhai Huabao la Shanghai, kwa kuwa lilidumu muda mrefu na liliacha hazina kubwa sana ya picha. Pale inapobidi, majibu yanarudi nyuma kwenye vitabu vya michoro vya enzi ya nasaba ya Ming, iliyotangulia ile ya Qing, na yanasonga mbele hadi majarida ya picha za kamera ya miaka ya 1920.

Dianshizhai Huabao lilikuwa jarida la namna gani?

Lilikuwa jarida la habari zilizochorwa, lililoanza kutoka Mei 1884 na kukoma mwaka 1898. Lilitolewa mara tatu kwa mwezi wa Kichina, na kwa kawaida kila toleo lilikuwa na karatasi nane zilizokunjwa, zikibeba picha tisa. Matoleo kumi na mawili yalifanya juzuu moja, hivyo mnunuzi aliyeyatunza aliweza kuyashona pamoja na kuyaweka rafuni kama kitabu. Kufikia mwisho wake yalikuwa yametoka matoleo 528, yenye picha zaidi ya 4,000.

Kila picha ilijaza nafasi yake karibu yote, na juu yake, katika eneo lililoachwa wazi la anga au ukuta, paliandikwa maelezo ya tukio kwa mkono mzuri wa mwandiko. Maelezo hayo yalianza kwa kueleza mahali na watu, yakasimulia kisa, kisha mara nyingi yakamalizika kwa hukumu ya mwandishi. Mwishoni kabisa palichapwa mhuri mdogo wenye maneno machache ya kukejeli, kusikitika au kusifu. Msomaji mzoefu aliutafuta mhuri huo kwanza, kwa sababu ndani yake ndimo utani wa jarida ulimokuwa umefichwa.

Kwa nini lilianzia Shanghai, na kwa nini mwaka 1884?

Shanghai ilifunguliwa kwa biashara ya kigeni kutokana na Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, na maeneo ya Waingereza, Wamarekani na Wafaransa yakakua nje ya kuta za mji wa zamani. Vita vya Taiping vya miaka ya 1850 na 1860, uasi mkubwa dhidi ya nasaba ya Qing, viliwasukuma huko wakimbizi wengi kutoka Suzhou na miji mingine ya kusini mwa mto Yangzi, wakiwamo matajiri, wasomi waliokosa vyeo, wachapaji na wachoraji. Mji ukawa na watu wenye fedha, watu wenye elimu isiyo na kazi, na mitambo ya kuchapia, vyote mahali pamoja.

Mfanyabiashara Mwingereza Ernest Major alikuwa ameanzisha gazeti la Kichina la Shenbao mnamo Aprili 1872, akawaachia wahariri Wachina waliandike kwa namna ambayo wasomaji wao wangeikubali. Vita vya China na Ufaransa kuhusu Vietnam vilipopamba moto, picha za mapigano zilizochapwa na watu wengine zilianza kununuliwa sokoni na kuzungumzwa kila mahali. Major aliona biashara hiyo, na katika dibaji ya toleo la kwanza alikiri wazi kwamba hamu hiyo ndiyo iliyomsukuma. Miongoni mwa picha za toleo hilo ilikuwamo ya mapigano ya Bac Ninh, mji ambao Wafaransa walikuwa wameuteka miezi michache kabla.

Je, kabla ya hapo Wachina hawakuwa na picha zilizochapwa?

Walikuwa nazo kwa karne nyingi. Uchapaji wa mbao zilizochongwa ulikuwa ufundi wa kale, na kufikia mwanzo wa karne ya 17, mwishoni mwa nasaba ya Ming, karakana za Jianyang, Nanjing na Huizhou zilikuwa zikitoa riwaya na tamthilia zenye michoro ya kupendeza mno. Mbali na vitabu, kulikuwa na picha za mwaka mpya zilizobandikwa milangoni na kutani. Vituo vyake maarufu vilikuwa Yangliuqing karibu na Tianjin, na Taohuawu mjini Suzhou. Picha hizo ziliingia hata katika nyumba ambazo hazikuwa na kitabu hata kimoja.

Kilichokuwa kipya mwaka 1884 kilikuwa muda. Picha ya mwaka mpya ilirudia mungu wa mlango, mtoto mnene mwenye samaki au kisa cha opera ambacho kila mtu alikijua tangu utotoni. Jarida la picha lilimwahidi mnunuzi jambo ambalo hakulijua siku kumi zilizopita. Kuna waliojaribu mapema zaidi: mchapishaji huyohuyo wa Shenbao alitoa Yinghuan Huabao mwaka 1877, likiwa na michoro iliyotengenezwa Uingereza, lakini halikudumu. Mandhari ya ng'ambo peke yake haikutosha kumrudisha mnunuzi wa Shanghai kwa muuzaji wake.

Uchapaji wa mawe ulibadilisha nini?

Ulibadilisha kasi, bei na mkono wa mchoraji. Katika uchapaji wa mbao, fundi alichonga kila mstari, na mchoro wenye umati wa watu ungeweza kumchukua siku nyingi. Katika uchapaji wa mawe, uliobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwaka 1796, mchoro hutiwa kwa wino wenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa. Jiwe likiloweshwa maji, sehemu zisizo na mafuta huyanywa, na wino wa kuchapia hushika kwenye mistari peke yake. Hakuna kuchonga, na mstari wa brashi hufika kwenye karatasi karibu kama ulivyotoka mkononi mwa mchoraji.

Ufundi huu uliingia Shanghai kupitia wamisionari Wakatoliki wa Tushanwan katika miaka ya 1870, na Major akaunda kiwanda chake cha Dianshizhai mwishoni mwa muongo huo. Faida yake ya kwanza haikutokana na picha hata kidogo. Kwa kutumia kamera, kurasa za kitabu kikubwa ziliweza kupunguzwa na kuchapwa kwa herufi ndogo, na hivyo kiwanda kilitoa upya kamusi ya mfalme Kangxi kwa umbo dogo na bei nafuu. Inasimuliwa kwamba nakala 40,000 ziliisha kwa miezi michache, na kwamba watahiniwa waliokuwa safarini kwenda kwenye mitihani ya serikali walinunua kadhaa kila mmoja kwa ajili yao na marafiki zao. Jarida la picha liliweza kusimama kwa sababu chini yake palikuwa na biashara ya vitabu vya mitihani, na ni vizuri kulikumbuka hilo kila mara jarida hili linapotajwa kama mwanzo wa usasa.

Wachoraji walikuwa akina nani?

Aliyejulikana kuliko wote ni Wu Youru, mtu wa Suzhou aliyefika Shanghai baada ya vita vya Taiping kuufikia mji wake. Pamoja naye walikuwapo Jin Chanxiang, Zhang Zhiying, Zhou Muqiao na wengine. Wengi wao walikuwa mafundi wa picha za kuuza, si wasomi waliochora milima na mianzi ili kujiburudisha, na hilo linaonekana katika kazi zao: wanajua kupanga watu ishirini katika chumba kimoja bila mmoja kumfunika mwingine, na wanajua kuficha kosa la umbali kwa kuweka paa au wingu.

Kiwanda pia kilitangaza kwamba mchoraji yeyote, popote alipo, angeweza kutuma mchoro wa tukio la kweli, na ukikubaliwa angelipwa dola mbili za fedha. Wu Youru aliondoka mwaka 1890 na kuanzisha jarida lake mwenyewe, Feiyingge Huabao, ambamo mitindo ya mavazi ya wanawake ilichukua nafasi kubwa zaidi ya habari.

Ni Wachina wangapi waliojua kusoma wakati huo?

Jibu linategemea maana tunayoipa kazi ya kusoma, na wengi wanaouliza swali hili hutaka tarakimu moja ambayo haiwezi kupatikana. Makisio yanayotajwa zaidi ni ya mwanahistoria Evelyn Rawski, aliyesema kwamba katika karne ya 18 na 19 kati ya asilimia 30 na 45 ya wanaume, na kati ya asilimia 2 na 10 ya wanawake, walikuwa na uwezo fulani wa kusoma na kuandika. Wanahistoria wengine wameyapinga makisio hayo, wakisema kwamba yanamhesabu kama msomaji hata mtu aliyejua alama mia chache tu za maandishi ya Kichina.

Ubishi wenyewe unafundisha. Mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu alianza kwa kukariri vitabu vitatu vidogo: kile cha mistari ya alama tatu tatu, kile cha majina ya koo, na kile cha alama elfu moja. Aliyevimaliza vitatu hivyo alikuwa amekutana na alama tofauti zipatazo 2,000. Alikariri kwa sauti kwanza, na maelezo ya maana yalikuja baadaye, kama yalikuja. Mtoto wa mkulima au fundi aliondolewa shuleni baada ya mwaka mmoja au miwili, akiwa na alama za kumtosha kusoma ubao wa duka, kuandika deni, kutambua jina lake katika hati ya shamba. Mtoto wa familia yenye uwezo aliendelea na vitabu vya Confucius, akajifunza kutunga insha za mitihani, na akawa mtu anayeweza kusoma lolote.

Kati ya wawili hao palikuwa na umati mkubwa: makarani wa maduka, mawakala wa makampuni ya kigeni, wauza dawa, wake na mabinti wa wafanyabiashara waliofundishwa nyumbani, watahiniwa walioshindwa mara tano na kukata tamaa. Katika mji wa biashara kama Shanghai, watu wa kundi hili la kati walikuwa wengi kuliko mashambani, na ninavyoona mimi hao ndio waliolipa jarida uhai wake.

Je, jarida lilitengenezwa kwa ajili ya wasiojua kusoma?

Wazo hili linarudiwa sana, na lina ukweli nusu tu. Picha kweli ziliweza kutazamwa na yeyote. Lakini maelezo yaliyo juu ya picha yameandikwa kwa Kichina cha kale cha wasomi, bila alama za vituo, yakiwa na vidokezo vya mashairi na historia ambavyo karani wa duka angevikamata kwa shida. Bei nayo inasema jambo. Toleo moja liliuzwa senti tano za dola ya fedha, mara kadhaa zaidi ya bei ya gazeti la siku moja la Shenbao. Mpagazi wa bandarini hakuwa mnunuzi aliyekusudiwa.

Hata hivyo, mnunuzi na mtazamaji hawakuwa lazima wawe mtu mmoja. Dibaji ya Major inataja wazi kwamba jarida ni la kufunguliwa baada ya chai na baada ya divai, yaani wakati watu wameketi pamoja. Na China ilikuwa na desturi ya muda mrefu ya maandishi kupokewa kwa masikio. Amri za kifalme za maadili zilisomwa na kufafanuliwa hadharani siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi, na katika nyumba za chai za Suzhou na Shanghai wasimulizi walilipwa kusimulia riwaya sehemu kwa sehemu. Katika mazingira hayo ni rahisi kuona jinsi mtu mmoja mwenye elimu alivyoweza kuisoma picha kwa ajili ya meza nzima, huku mke, mtoto au mtumishi akiiangalia begani kwake.

Kwa hiyo jarida lilifaa viwango kadhaa vya usomaji kwa wakati mmoja. Aliyejua alama mia chache alisoma kichwa cha picha, ambacho mara nyingi kilikuwa alama nne tu, akatambua jina la mtaa kwenye ubao uliochorwa, akaelewa nani amempiga nani. Aliyejua zaidi alifuata kisa. Msomi alikifurahia kidokezo na akacheka na mhuri. Asiyejua lolote aliona mtu akianguka kutoka kwenye gari la farasi, na alihitaji wa kumweleza kwa nini. Wachoraji walijua hivyo: wakaziacha nyuso zikiwa wazi, mikono ikinyoosha kidole kuelekea jambo kuu, na vitu vya ushahidi, kama kisu au kiatu kilichodondoka, vikiwa mbele kabisa.

Picha hizo zilionyesha nini kuhusu mji?

Karibu kila kitu ambacho mtu angesimama barabarani kukitazama. Shanghai ilikuwa na taa za gesi tangu 1865, magari madogo ya abiria yanayovutwa na watu, yaliyotoka Japani, tangu 1874, taa za umeme tangu 1882, na maji ya bomba tangu 1883. Vitu hivi vyote vinaonekana katika jarida, mara nyingi pembeni ya kisa, kama sehemu ya kawaida ya mtaa. Kuna moto na mashine za kuuzima, mbio za farasi za masika na vuli, kesi katika mahakama ya pamoja ya Wachina na wageni, wezi walioshikwa, wanandoa wanaogombana ghorofani na majirani waliotoa vichwa madirishani.

Majirani hao ndio ninaowapenda zaidi. Katika picha nyingi sana kuna watazamaji waliochorwa kwa uangalifu uleule wa wahusika wakuu: waliosimama kwenye roshani, watoto waliobebwa mabegani, mzee aliyefika akichelewa na kuuliza kuna nini. Jarida lilikuwa likiwafundisha wakazi wapya wa mji, ambao wengi wao walikuwa wametoka mikoani, namna ya kuwa umati: mahali pa kusimama, jambo la kushangaa, jambo la kulaani, na umbali wa kukaa kati yao na shida ya mtu mwingine.

Pamoja na hayo, karibu na treni na meli ya moshi wapo mizimu, mbweha wanaojigeuza wanawake, joka aliyeonekana mawinguni, watoto waliozaliwa na maumbo ya ajabu. Msomaji wa leo huona mchanganyiko huo kuwa kasoro. Kwa msomaji wa wakati ule, habari ya mtoto wa vichwa viwili na habari ya chombo kinachoruka angani vilikuwa katika fungu moja, la mambo yasiyo ya kawaida ambayo dunia imejaa, na uandishi wa Kichina ulikuwa na mkondo wa zamani wa kukusanya mambo kama hayo. Jarida lenyewe lilichapisha kwa mfululizo, pamoja na michoro, visa vya ajabu vya mwandishi Wang Tao, ambaye alikuwa amerejea Shanghai mwaka uleule wa 1884.

Je, tunaweza kuziamini kama ushahidi wa kihistoria?

Kwa mambo ya karibu, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kwa mambo ya mbali, tahadhari inahitajika. Wachoraji walifanya kazi kutokana na habari za Shenbao na magazeti mengine, na kwa mandhari ya nje walinakili picha za kamera na majarida ya Ulaya na Marekani. Pale ambapo hapakuwa na cha kunakili, walibuni. Mwandishi Lu Xun, katika mhadhara wa mwaka 1931 mjini Shanghai, alimsifu Wu Youru kwa jinsi alivyochora wamiliki wa madanguro na wahuni wa mtaani, watu aliowaona kila siku, lakini akamcheka kwa manowari aliyoichora kama meli ya biashara yenye mizinga juu ya sitaha, na kwa pambano la maofisa wa Ulaya wakipigana kwa panga sebuleni hadi vyombo vya maua vikaanguka.

Vita ndiko upotoshaji ulikokuwa mzito. Mwaka 1894, vita na Japani vilipoanza nchini Korea, jarida lilichora ushindi mkubwa wa jeshi la China huko Asan, ilhali kwa kweli jeshi hilo lilikuwa limeshindwa na kurudi nyuma. Wahariri walizipokea taarifa kama zilivyosambaa, na wanunuzi walitaka ushindi. Picha hiyo haina thamani kwa anayetaka kujua mwenendo wa vita, lakini inamfaa sana anayetaka kujua watu wa Shanghai waliamini nini wiki chache kabla ya ukweli kuwafikia.

Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Walichorwa sana na kuandikiwa kidogo. Makahaba wa hadhi wa Shanghai walikuwa ndio viongozi wa mitindo, na wachoraji waliwaonyesha wakipanda magari ya farasi, wakila chakula cha Kizungu na kucheza biliadi. Mwanamke wa familia ya heshima aliyeonekana mahali hapohapo alichorwa kwa jicho la onyo, na maelezo yake mara nyingi humlaumu mume kwa kumwachia. Mtazamaji, hata hivyo, hakulazimika kukubaliana na maelezo, na picha ya gauni jipya ilibaki kuwa picha ya gauni jipya.

Nini kilifuata baada ya 1898?

Mambo mawili yalitengana. Mjini Beijing, mwaka 1902, Peng Yizhong alianzisha Qimeng Huabao, jarida lililochanganya michoro na lugha ya kawaida ya mazungumzo ili kuwafundisha watoto jiografia, hesabu na sayansi. Miaka michache baadaye Beijing ilipata pia vyumba vya kusomea magazeti na mahali pa kuyasoma kwa sauti mbele ya watu. Hapo ndipo picha ilipowekwa rasmi katika kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, hasa baada ya mitihani ya serikali kufutwa mwaka 1905 na njia ya zamani ya elimu kukosa mwisho wake.

Mkondo wa pili ulibaki Shanghai na ulikuwa wa burudani na biashara. Teknolojia mpya iliyowezesha picha za kamera kuchapwa moja kwa moja iliondoa kazi ya mchoraji wa habari, na mnamo Februari 1926 Wu Liande alitoa toleo la kwanza la Liangyou, lenye mwigizaji Hu Die kwenye jalada. Jarida hilo lilisomwa na Wachina waliokuwa ng'ambo pia.

Nikitaka kuziangalia picha hizi leo, nianzie wapi?

Dianshizhai Huabao limechapwa upya mara kadhaa nchini China, likiwamo toleo kamili la Guangdong la mwaka 1983, na maktaba kubwa za vyuo vikuu zenye idara za Asia Mashariki huwa na seti moja au zaidi. Usianze na vita. Chagua picha za mitaa, tazama kwanza watu walioko pembeni, soma mbao za maduka ikiwa unajua alama chache, na uyaache maelezo hadi utakapokuwa umejisimulia kisa mwenyewe. Kisha linganisha kisa chako na cha mwandishi, na umalizie kwa mhuri.